Laki mbili na sabini za kikobani: uchambuzi wa namba 32,519,000

Desemba hapa Moshi ni mwezi wa kuvunja vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba hugawana fedha za mwaka. Waliotawanyika Dar na Mwanza wako njiani kurudi nyumbani kwa sikukuu, ada za Januari zinanyemelea, na kila mwanachama anataka chake mkononi kabla ya Krismasi. Kikoba cha kisa hiki kina wanachama 34, wengi wao wafanyabiashara wadogo wa Soko la Mbuyuni: wauza ndizi, dagaa, mitumba na nafaka. Jina lake silitaji. Wenyewe wameniruhusu kueleza habari zao kwa sharti hilo. Mimi si mwanachama. Nafundisha hisabati sekondari, na niliingia katika jambo hili kwa sababu mwenyekiti wao ni jirani yangu.

Alinigongea Ijumaa saa mbili usiku, mkesha wa mgao.

"Mwalimu, samahani kwa kukusumbua saa hizi. Tuna tatizo la laki mbili na sabini."

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Daftari kuu lilionyesha kuwa fedha za hisa za mwaka mzima ni shilingi 32,519,000. Fedha zilizokuwepo, baada ya kutenga riba, faini na mfuko wa jamii, zilikuwa 32,249,000. Mafungu hayo matatu yalikuwa yamekaguliwa mapema wiki hiyo na hayakuwa na ubishi. Pungufu lilikuwa kwenye hisa tu: 270,000.

Walikuwa wamejumlisha daftari mara nne, kwa simu mbili tofauti, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Fedha nazo zilihesabiwa mara tatu. Waliomshuku mweka hazina walikuwa na hoja, na sisemi ilikuwa hoja ya kijinga. Kosa la chenji, walisema, huacha mia mbili, mia tano, elfu na kitu. Laki mbili na sabini ni noti 27 za elfu kumi, kamili, bila sumni juu yake. Tena daftari lilikuwa safi; hapakuwa na namba iliyofutwa wala kuandikwa juu ya nyingine. Kwa hiyo uamuzi ulikwishaandaliwa: akatwe 270,000 kwenye mgao wake, na jambo hilo lisomwe mbele ya wanachama wote Jumamosi asubuhi.

Nilimkuta mweka hazina amekaa kwenye kiti cha plastiki kwa mwenyekiti, khanga ameivuta mpaka kichwani ingawa joto la Desemba lilikuwa bado halijapoa. Tangu saa kumi jioni alikuwa hapo. Nilipomsalimu aliitikia kwa taratibu, kisha akasema, "Mwalimu, sijachukua hata shilingi. Lakini namba inanikataa."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niombe daftari.

Kitu ambacho namba haiwezi kuficha

Watu wakiona namba kubwa huitazama kwa ukubwa wake. Ni milioni ngapi, imepungua kiasi gani, inatosha au haitoshi. Lakini namba kamili ina umbile pia, na umbile hilo hutokana na jinsi namba ilivyotengenezwa. Nikauliza swali moja: hisa moja ni shilingi ngapi?

"Elfu tatu na mia tano."

Kila Jumamosi mwanachama hununua hisa 1 hadi 10, vikao 52 kwa mwaka. Nusu hisa haipo. Maana yake ni kwamba kila kiasi cha hisa kinachoingia katika kikoba hiki, kiwe cha mtu mmoja au cha watu wote, cha wiki moja au cha mwaka, lazima kiwe kigawe cha 3,500, yaani kigawanyike kwa 3,500 bila baki. Jumla ya vigawe vya 3,500 ni kigawe cha 3,500. Hakuna njia ya kujumlisha hisa nzima nzima ukapata kitu kingine.

Sasa ipasue 3,500 kwenye vigawo vyake: ni 500 mara 7. Sehemu ya 500 inaonekana kwa macho, kwani namba lazima iishie na 000 au 500. Hapo ndipo jicho la mweka vitabu huridhika, na 32,519,000 ina mkia mzuri tu. Sehemu ya 7 haionekani. Saba haiachi alama mwishoni mwa namba kama 2 au 5 zinavyoacha, wala hujumlishi tarakimu tu ukaijua kama 3 na 9. Inabidi uitafute.

Nikageuza bahasha ya kaki iliyokuwa mezani. 32,519,000 gawanya kwa 500 ni 65,038. Njia ninayowafundisha wanafunzi ni hii: kata tarakimu ya mwisho, izidishe mara mbili, itoe kwenye namba iliyobaki, rudia.

65,038: 6,503 toa 16 ni 6,487.
6,487: 648 toa 14 ni 634.
634: 63 toa 8 ni 55.

Hamsini na tano si kigawe cha 7. Basi 65,038 nayo si kigawe cha 7, na 32,519,000 haiwezi kuwa jumla ya hisa za elfu tatu na mia tano.

Nikafanya hivyohivyo kwa fedha zilizokuwepo. 32,249,000 gawanya kwa 500 ni 64,498.

64,498: 6,449 toa 16 ni 6,433.
6,433: 643 toa 6 ni 637.
637: 63 toa 14 ni 49.

Arobaini na tisa ni saba mara saba. Fedha zinagawanyika: ni hisa 9,214 kamili.

(Kwa anayependa kujua kwa nini njia hii inakubali: namba yoyote ni kumi mara sehemu ya mbele, ongeza tarakimu ya mwisho. Ukiita sehemu ya mbele m na ya mwisho t, basi 10m + t ni sawa na 10 mara (m − 2t), ongeza 21t. Hiyo 21t ni kigawe cha 7 siku zote, kwa hiyo yote yanategemea m − 2t. Ila njia hii inakuambia ndiyo au hapana tu. Baki halisi la 65,038 utalipata kwa kugawanya: 7 mara 9,291 ni 65,037, baki 1.)

Nikamgeuzia mwenyekiti bahasha. "Mzee, daftari lina kosa. Fedha sijui bado, lakini daftari lina kosa."

Hapo naomba msomaji asimame kidogo, maana watu wengi niliowasimulia kisa hiki huruka hatua hii. Saba haikuonyesha kuwa mweka hazina hana hatia. Ilionyesha kitu kimoja tu: namba 32,519,000, ambayo wote walikuwa wakiitumia kama kipimo cha ukweli, haikuweza kuwa kweli, hata kama kila noti ingekuwepo sandukuni. Kosa lilikuwa limethibitishwa bila mtu kujua liko wapi.

Hisabati imewahi kukaa katika hali hiyo kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne aliorodhesha namba za aina ya 2 kwa kipeo fulani, kutoa 1, ambazo aliamini ni tasa, yaani hazina kigawo zaidi ya 1 na zenyewe. Kipeo cha 67 kilikuwemo. Namba hiyo ikiandikwa yote ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Édouard Lucas, naye Mfaransa, alithibitisha kuwa si tasa, lakini hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Ikapita miaka 27 kabla Frank Nelson Cole wa Marekani, mwaka 1903, hajaonyesha kuwa ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Lucas alijua kuna ufa; Cole alionyesha ulipo. Sisi usiku ule tulikuwa kwa Lucas, na mgao ulikuwa saa tatu asubuhi.

Swali la mwenyekiti

Mwenyekiti si mtu wa kukubali haraka, na nashukuru kwa hilo. Aliiangalia bahasha, akasema: "Mwalimu, namba sahihi iliyo karibu na ya daftari ni ipi?"

Nikamwambia: hisa 9,291, yaani 32,518,500. Tofauti yake na ya daftari ni mia tano tu.

"Basi labda kosa la daftari ni hiyo mia tano, na laki mbili sitini na tisa na mia tano zimechukuliwa kweli."

Hilo ni pingamizi zuri kuliko yote niliyoyasikia, na ndilo lililotufikisha mahali. Alikuwa sahihi kwamba kugawanyika kwa saba hakuwezi kukata shauri peke yake. Mwizi akichukua kiasi ambacho ni kigawe cha 3,500, saba haioni kitu. Na namba yoyote iliyokosewa bila mpangilio ina nafasi moja kati ya saba ya kugawanyika kwa bahati. Tulihitaji kuupata mstari wenyewe.

Nikarudi kwenye ile 270,000, safari hii si kama noti 27. Mbili na saba ni tisa. Kigawe cha 9.

Kila aliyewahi kufanya kazi ya vitabu vya hesabu anapaswa kulijua hili: ukibadilishana tarakimu mbili zilizopakana, tofauti inayotokea ni kigawe cha 9 daima. Chukua 36 na 63: tofauti ni 27, yaani 9 mara 3, na hiyo 3 ndiyo tofauti kati ya 6 na 3. Chukua 52 na 25: 27 tena. Tarakimu moja imepanda nafasi moja, ikaongezeka thamani mara kumi, nyingine imeshuka, kinachobaki ni tisa mara tofauti yao. Likitokea kwenye nafasi ya mamia au maelfu, unaongeza sifuri tu.

Basi 270,000 ni 9 mara 3 mara 10,000. Ukiisoma hivyo, inasema mengi. Hiyo 10,000 inasema tarakimu zilizobadilishana ziko kwenye nafasi ya laki na nafasi ya makumi elfu, wala si kwingine, kwa sababu ukijaribu nafasi ya chini yake utahitaji tarakimu zilizopishana kwa 30, na tarakimu haifiki huko. Ile 3 inasema zimepishana kwa tatu. Na kwa kuwa daftari ndilo lililozidi, kubwa imekaa mbele kwenye daftari.

Tukapitia mistari 34 ya wanachama, kidole kikishuka kwenye safu ya laki. Mitano tu ndiyo iliyokuwa na tarakimu ya laki iliyozidi ya makumi elfu kwa tatu: 633,500, 854,000, 966,000, 1,410,500, na 1,631,500. Kila mmoja ukaupitisha kwenye 3,500. Wa kwanza, hisa 181. Wa pili, 244. Wa tatu, 276. Wa nne, 403. Wa tano ukakataa: 3,500 inaingia mara 466 na inabaki 500.

Ukirudisha tarakimu zake mahali pake, 1,631,500 inakuwa 1,361,500. Hiyo ni hisa 389 kamili.

Kweli, wangeweza kugawanya mistari yote 34 kwa 3,500 tangu mwanzo na kuupata ule mbovu kwa dakika tatu. Hawakufanya hivyo kwa sababu kila aliyeshuku jumla alikimbilia kujumlisha upya. Ukijumlisha orodha ileile yenye kosa mara nne, unapata kosa lilelile mara nne, na kila mara unazidi kuliamini.

Mihuri 389

Mstari ule ulikuwa wa mama mmoja muuza ndizi, ambaye hakuwa na habari kabisa. Alikuwa amelala kwake Pasua. Mwenyekiti alitaka kumpigia. Nilimsihi tungoje asubuhi, na afike na kijitabu chake bila kuambiwa kwa nini. Sikutaka mtu yeyote, hata yeye, aijue namba 389 kabla haijahesabiwa.

Katika kikoba hiki kila hisa hugongewa muhuri kwenye kijitabu cha mwanachama, nyota ndogo ya wino wa zambarau, na visanduku ambavyo havikutumika siku hiyo hupigwa mstari kikao kikiwa bado kimekaa. Kijitabu hukaa na mwenyewe. Ndicho ushahidi halisi. Daftari kuu ni nakala yake. Usiku ule hakuna aliyefikiria kurudi kwenye vijitabu, na sababu inaeleweka: mihuri ya wanachama wote ni zaidi ya elfu tisa. Namba ilikuwa imetupunguzia kazi mpaka kijitabu kimoja.

Saa mbili asubuhi walikaa wawili kukihesabu, katibu na mama mmoja wa dagaa aliyekuwa mstari wa mbele kumshuku mweka hazina. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Kila mmoja alihesabu peke yake, kwa njiti ya kiberiti, akigusa nyota moja moja. Kazi haikuwa nyepesi. Utomvu wa ndizi ulikuwa umeacha madoa meusi kwenye kurasa, na mahali pawili muhuri ulionekana kama miwili mpaka ukiinamisha kijitabu kuelekea dirishani. Walihesabu kwa robo za vikao 13. Robo ya kwanza 118. Ya pili 84. Ilikuwa miezi ya mvua, barabara za migombani zinateleza na ndizi hazishuki. Ya tatu 101. Ya nne 86.

Katibu aliandika 389 kwenye kiganja. Mama wa dagaa alipomaliza alikaa kimya, akakirudia chote tangu mwanzo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mia tatu themanini na tisa."

Hapo ndipo mambo mawili yasiyotegemeana yalipokutana. Mihuri ilisema 389. Ukiiingiza 389 kwenye daftari, jumla inashuka hadi 32,249,000, na hiyo ndiyo fedha iliyohesabiwa mara tatu, shilingi kwa shilingi. Lile pingamizi la 269,500 likafa hapo, maana halikubakiwa na pengo la kukalia.

Kosa la daftari lingeachwa lilivyo, mweka hazina angelipa laki mbili na sabini kutoka mfukoni mwake, na fedha hizo zingeenda kwa mama wa ndizi ambaye hakuzidai. Faida ya mwaka ilikuwa 5,600,000. Waligawa 600 kwa kila hisa, 71,600 zilizobaki zikaenda mfuko wa jamii. Mama wa ndizi aliondoka na 1,594,900, akishangaa kwa nini kijitabu chake kilikuwa ajenda ya kikao kizima.

Laki tatu na sitini, laki sita na thelathini

Nimelifikiria sana swali la jinsi kosa lilivyoingia. Daftari kuu hujazwa kwa kusomewa: katibu anasoma kijitabu, mweka hazina anaandika. Sasa isome 1,361,500 kama watu wa sokoni wanavyoisoma: milioni moja, laki tatu na sitini na moja, na mia tano. Kisha isome 1,631,500: milioni moja, laki sita na thelathini na moja, na mia tano.

Sisi husema tatu, lakini thelathini. Tatu ni neno la asili yetu ya Kibantu; thelathini imetoka Kiarabu, na sikio haliungi moja na nyingine. Sita na sitini ni ndugu. Kwa hiyo kwenye "laki tatu na sitini" kuna sauti moja nzito, ile ya sita, na mkono wa mwandishi unaweza kuikimbilia kwanza na kuiweka mbele. Katika lugha ambayo tatu na thelathini hufanana, labda makosa ya namna hii yangekuja kwa sura nyingine. Kama alikosea msomaji au mwandishi, hakuna anayeweza kusema leo, na niliomba lisitafutwe.

Bahati isiyo ushahidi

Asubuhi ileile kijana mmoja wa mitumba, mwepesi wa hesabu, aliishika simu yake akasema: "Mwalimu, angalia! Hii ya kweli inagawanyika kwa watu 34 bila baki! Ndiyo maana ni ya kweli!"

Ni kweli inagawanyika. 32,249,000 ikipasuliwa mpaka mwisho ni 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 7 × 17 × 271. Ina vigawo 128. Thelathini na nne ni 2 mara 17, na vyote vimo, kwa hiyo wastani wa kikoba ni hisa 271 kamili kwa mtu. Ile ya uongo, 32,519,000, ni 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 31 × 1,049. Haina 7 wala 17.

Nilimwambia kijana, na nalirudia hapa kwa sababu ndilo kosa la kawaida la wapenzi wa namba: 7 na 17 zimo zote mbili, lakini hazina uzito sawa. Saba imo kwa sheria. Bei ya hisa inailazimisha, na ikikosekana kuna kosa. Kumi na saba imo kwa bahati. Hakuna sheria inayosema watu 34 wanaonunua kila mmoja anavyoweza wafikishe jumla inayogawanyika kwa 34. Mwanachama mmoja angenunua hisa moja zaidi, isingegawanyika, na isingekuwa na ubaya wowote. Aliyeipata alifurahi, na ni jambo la kufurahisha kweli, lakini usimhukumu wala usimwachie mtu kwa kigawo cha bahati.

Kuhusu mtego wa kuzuia makosa haya

Baada ya mgao waliniuliza wafanye nini mzunguko ujao. Kipimo cha kale cha kujumlisha tarakimu, cha kutupa tisa, hakifai hapa: 1, 3, 6, 1, 5 ni 16, na 1, 6, 3, 1, 5 ni 16. Tarakimu zikibadilishana nafasi jumla yake haibadiliki. Tisa husaidia ukiwa na tofauti mkononi, si ukiwa na namba moja.

Saba huona mabadilishano mengi, ila ina upofu wake: tarakimu zilizopishana kwa saba, yaani 0 na 7, 1 na 8, 2 na 9. Mwenye 829,500 akiandikiwa 892,500, zote mbili ni vigawe vya 3,500, hisa 237 na 255, na saba itazipitisha zote. Kumi na moja haina upofu huo kwa tarakimu zilizopakana, kwa sababu 9 mara tofauti ya tarakimu mbili zisizofanana haiwezi kuwa kigawe cha 11. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya namba za ISBN, zinazotambulisha vitabu, mpaka mwisho wa 2006 zilipokuwa na tarakimu kumi, zilindwe kwa 11. Za sasa zina tarakimu 13 na zinafuata mtindo uleule wa mistari myeusi kwenye bidhaa za dukani, zile ambazo za Tanzania huanza na 620. Mtindo huo hupitwa na tarakimu jirani zilizopishana kwa tano. Kila mlinzi ana pembe asiyoiona.

Nilipendekeza tarakimu ya ulinzi ya 11, yaani ya ziada inayokokotolewa kwa 11 ili kosa lionekane, mwishoni mwa kila mstari. Walinisikiliza kwa heshima, kisha mama wa dagaa akasema, "Mwalimu, si tuandike tu idadi ya hisa pembeni ya shilingi?" Akawa sahihi kuliko mimi. Safu mbili, hisa na shilingi, na anayejumlisha anajumlisha zote mbili; jumla ya kwanza mara 3,500 lazima iwe ya pili. Hata upofu wa saba unaondoka, maana 237 na 892,500 haziwezi kukaa pamoja bila kuonekana. Wakaongeza lingine: namba isomwe tarakimu moja moja, moja, tatu, sita, moja, tano, sifuri, sifuri, na mwandishi airudie kwa sauti kabla ya kuandika.

Mwenyekiti alimwomba radhi mweka hazina mbele ya wote, na mama wa dagaa akasimama naye akaomba kivyake. Alizipokea. Walipomsihi aendelee na daftari kwa mzunguko mpya alikataa, akisema anashukuru lakini hapana. Daftari linaandikwa na yule kijana wa mitumba sasa. Mweka hazina yule ni mwanachama wa kawaida. Kikao cha kwanza cha Januari alinunua hisa 10, na mstari wake unasomeka 10 upande mmoja, 35,000 upande wa pili.